Tiketi inasema masaa 7, mbona naambiwa nitakaa angani 15?

Habari zenu wapendwa. Mwezi huu safu yetu imejaa ndege tupu, sijui ni kwa sababu likizo inakaribia au watoto wa watu wamepata vyuo nje, ila kila nikifungua meseji nakutana na mtu anauliza kutoka eapoti fulani mpaka fulani ni kilomita ngapi na masaa mangapi. Mimi kabla sijaanza kuandika hapa nilikaa kwenye dawati la kukatisha tiketi miaka 14, na nilichokiona miaka yote ile ni kwamba kilomita hazijawahi kumwacha mtu eapoti, kinachoacha watu ni saa. Kilomita unazipata kwenye simu dakika moja tu. Saa ndo zina mambo. Basi leo nimechagua barua sita, nyingine nimezijibu kwa urefu na nyingine kwa kifupi kwa sababu jibu lake ni fupi kweli.

SWALI: Anti salaam. Niko Kisauni, Mombasa. Mwezi wa kwanza panapo majaliwa nitaenda kumwona mwanangu New York, kutoka Nairobi moja kwa moja bila kushuka popote. Tiketi imeandikwa kuondoka 23:25 na kufika 06:25. Nikahesabu nikapata masaa 7, nikafurahi. Mwanangu akanicheka kwenye simu, akasema baba ni masaa 15 hayo. Nikaingia mtandaoni kutazama umbali, nikaambiwa kilomita 11,800 na kitu, na kwamba ndege kubwa huenda kama 900 kwa saa, nikagawa nikapata 13. Sasa nishike ipi, 7, 13 ama 15?

JIBU: Shikamoo baba yangu. Mwanao amesema kweli, jiandae kwa masaa 15. Lakini nikwambie ukweli, hesabu zako zote mbili umezipiga vizuri, ila kila moja kuna kitu imekiacha nje.

Tuanze na hiyo 7. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi siku zote ni za mahali husika, yaani 23:25 ni saa ya ukutani Nairobi, na 06:25 ni saa ya ukutani New York, na hizo saa mbili hazisomi sawa hata siku moja. Mwezi wa kwanza New York iko nyuma yetu kwa masaa 8. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba wenzetu wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki 7, sisi huku hatusogezi chochote kwa hiyo wengi hatukumbuki kama kuna kitu kama hicho. Sasa chukua ile saa ya kufika uigeuze iwe ya nyumbani. Saa 12 na dakika 25 asubuhi ya New York, wakati huo Kisauni ni saa 8 na dakika 25 mchana. Umeondoka saa 5 na dakika 25 usiku, umefika saa 8 na dakika 25 mchana wa kesho yake, hesabu kwa vidole utapata 15 kamili. Wewe utashuka uone watu wanakunywa kahawa ya asubuhi wakati tumbo lako limeshapitiliza wali wa mchana.

Hiyo 13 sasa. Umegawa umbali kwa mwendo, sawa kabisa, ila ndege haiendi kwenye hewa iliyotulia. Huko juu, kilomita 9 mpaka 12 kutoka ardhini, upande wa kaskazini mwa dunia kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao, yaani hiyo hiyo Januari yako, unakuwa mkali zaidi. Wewe unaenda magharibi, kwa hiyo sehemu kubwa ya Atlantiki unaupanda uso kwa uso. Ndege inajitahidi 900 lakini ukiipima kwa chini labda inasogea 800. Gawa tena 11,840 kwa 800, unaona inakuja karibu 15? Kurudi upepo huo unakusukuma mgongoni, ndo maana Kenya Airways walipoanzisha safari hii tarehe 28 Oktoba 2018 walitangaza kwenda masaa 15 na kurudi 14. Barabara ile ile, ndege aina ile ile ya Dreamliner, lisaa lizima limeliwa na upepo.

Kuna jingine watu huniuliza sana, mbona kwenye skrini ya kiti ndege inapinda kwenda kaskazini wakati kwenye ramani New York iko kushoto tu. Chukua mpira wa miguu wa mjukuu, weka uzi pale ilipo Nairobi uuvute ukaze mpaka New York. Uzi ukikazwa unapita wenyewe Sudan Kusini, Chad, Algeria, unatokea baharini maeneo ya Morocco. Hiyo ndiyo njia fupi, ramani ya ukutani ndo inatudanganya kwa sababu imebandua duara ikalilaza. Zile kilomita ulizopewa mtandaoni ni za huo uzi. Rubani hapati kuufuata uzi kila siku, kuna dhoruba, na kuna nchi hazipitiki, mfano vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 anga lake likafungwa na ndege nyingi za huku kwetu zikawa zinazunguka, na kuzunguka ni dakika.

Baba, masaa 15 ni mengi kwa miguu ya mtu mzima. Omba kiti cha pembeni mwa njia, sio cha dirishani, uwe unasimama kila baada ya masaa mawili matatu unatembea mpaka nyuma na kurudi. Kama una presha au miguu inavimba mwone daktari wako kabla, usingojee wiki ya safari.

SWALI: Mambo anti, niko Unguja nasoma chuo Dar. Kila mtu ananiambia ndege Unguja Dar ni dakika 20, ila tiketi yangu imeandikwa dakika 40. Hizo 20 nyingine zinaenda wapi?

JIBU: Poa mwanangu. Zinaenda chini. Kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita kama 73 tu, na hewani kweli ni robo saa mpaka dakika 20, hata vidole havijapoa mnashushwa. Lakini muda wa tiketi unaanzia pale ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande wa pili. Hapo katikati kuna kutembea kwenda kwenye njia ya kurukia, kungoja zamu, Dar asubuhi unaweza kukuta ndege tatu nne mbele yenu, halafu kushuka na kutafuta pa kuegesha. Kwa safari ya masaa 9 hizo dakika 20 huzioni, kwa safari ya dakika 20 zinakuwa nusu ya safari. Na ukijumlisha kufika mapema na kungoja begi, boti ya masaa mawili inayokushusha katikati ya mji pale bandarini mara nyingi inakufaa zaidi, hasa kama chuo chako kiko upande wa Posta.

SWALI: Anti, mimi ni wa Buhongwa, Mwanza. Mwezi uliopita tulitoka Dar na mke wangu siku moja ila ndege tofauti, yeye alitangulia. Yeye tiketi yake ilikuwa saa 1 na dakika 25, mimi karibu masaa mawili, na nauli tumelipa karibu sawa. Bado mdogo wangu naye wiki iliyofuata akaja kwa masaa karibu matatu! Hivi hizi ndege zinapita njia moja kweli?

JIBU: Zako mbili zimepita njia moja, ya mdogo wako hapana. Dar mpaka Mwanza kwa hewa ni kilomita kama 850, wakati basi linakula zaidi ya 1,100 kwa kuzungukia Dodoma, Singida na Shinyanga. Wewe ukapanda pangaboi, ile ndege ya mapanga yanayozunguka. Najua watu wakisikia pangaboi wanadhani ni ndege mbovu, tangu zile Bombadia Q400 mbili za kwanza za serikali zimefika Septemba 2016 maneno yalikuwa mengi, lakini ni ndege nzuri tu, ilitengenezwa kwa safari fupi na viwanja vyenye njia fupi, na haina ulafi wa mafuta. Tatizo lake ni mwendo. Ikikazana inaenda kama 650 kwa saa na haipandi juu sana, futi 25,000 hivi ndo mwisho wake, wakati ndege ya jeti kama ile Airbus A220 aliyopanda shemeji inapita 800 na inaruka juu zaidi ambako hewa ni nyepesi. Kwa kilomita 850 mwendo peke yake unaleta robo saa na zaidi kidogo ya hiyo nusu saa uliyoiona.

Ya mdogo wako nina hakika ilipita Kilimanjaro. Na hapa naomba msomaji yeyote anisikilize vizuri maana hii ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kwamba kilomita sio muda. Dar mpaka Kilimanjaro ni 450, Kilimanjaro mpaka Mwanza kama 470, jumla 920. Yaani kupitia Kilimanjaro kumeongeza kilomita 70 tu, kwa jeti hizo ni dakika 5! Lakini ndege imeshuka, imeegesha, watu wameteremka na mabegi yao, wengine wamepanda, wamehesabiwa, mlango umefungwa, imetembea tena, imepanda tena juu polepole, na hapo saa nzima na zaidi imeondoka. Kwa hiyo mkiwa mnanunua tiketi msiulize tu bei, ulizeni "ni ya moja kwa moja?" na "ni ndege gani?". Karani anaona yote hayo kwenye kompyuta yake, ila usipouliza hakwambii.

SWALI: Dada, nakuandikia nikiwa na uchungu. Niko Mbagala. Binti yangu alipata kazi Doha, tiketi ikaja kwenye simu imeandikwa tarehe 12, saa 00:40. Tukajua tarehe 12 usiku. Tarehe 12 saa 3 usiku tuko eapoti na ndugu wote, tukaambiwa ndege imeondoka. Tumelipa tena hela ya kubadilisha ambayo ni ya mkopo. Kosa letu lilikuwa wapi, na wenzetu watajuaje?

JIBU: Pole sana mama, pole na binti. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu na mimi jambo hili limenipita mikononi. Mwaka wangu wa pili kazini tulimtuma shemeji yangu Ulaya kwa tiketi ya saa 01:15, na mimi mwenyewe ndiye niliyeisoma nikaitangazia familia. Tulikodi Noah, mabegi mawili yamefungwa kamba za katani, mama mkwe amebeba chupa ya chai. Mlinzi wa mlangoni akachukua karatasi, akaigeuzia kwenye taa, akaisoma kimyakimya, halafu akaninong'oneza mimi peke yangu, "dada, hii imeondoka alfajiri ya leo". Mpaka leo naikumbuka ile karatasi, ilikuwa imekunjwa mara nne na pale pa tarehe palikuwa pamefutika kidogo kwa jasho la mkono. Shirika halikutuonea huruma hata ya shilingi mia. Tangu siku ile sikuwahi kumkabidhi mteja tiketi ya usiku bila kuchukua kalamu nyekundu na kumwandikia kwa Kiswahili.

Kosa haliko kwenu peke yenu, liko kwenye namna mbili za kuhesabu siku. Tiketi inabadilisha tarehe saa 6 usiku kamili. Dakika 40 baada ya hapo, hiyo 00:40, tayari ni tarehe mpya. Sisi kwenye maongezi usiku ni mmoja, tukisema "tarehe 12 usiku" tunamaanisha giza linaloanza jioni ya tarehe 12. Kwa tiketi, saa 00:40 ya tarehe 12 iko kwenye giza linaloanza jioni ya tarehe 11. Redioni siku zote tunasikia neno lenyewe, "usiku wa kuamkia", na hilo ndilo la kutumia. Usimwambie mtu safari ni tarehe 12 usiku, mwambie ni usiku wa kuamkia tarehe 12, na eapoti tunaenda tarehe 11 baada ya chakula cha jioni. Wazee wa pwani wanaohesabu siku kuanzia magharibi, wanaoita Alhamisi jioni usiku wa Ijumaa, hawa nimeona mara nyingi hawakosei, maana kwao siku imeshaingia jua lilipozama.

Halafu kuna hizo namba zenyewe. Tiketi inahesabu kuanzia saa 6 usiku, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na jioni, kwa hiyo kila namba iko mbele au nyuma kwa 6, na kuanzia 19:00 unatoa 18. 04:00 ya tiketi ni saa 10 alfajiri, sio saa 4. 10:00 ni saa 4 asubuhi. 16:00 ni saa 10 jioni. 22:00 ni saa 4 usiku. Nimewahi kuona mzee amefika saa 4 asubuhi amevaa kanzu safi imepigwa pasi, tiketi yake 04:00. Mkipata tiketi kwenye simu, kabla ya kuishea kwenye kundi la familia, andikeni chini yake kwa maneno: siku ya kutoka nyumbani, saa ya kutoka nyumbani, saa ya ndege. Maneno, sio namba. Na mtu mwingine asiyejua mambo ya kusafiri aisome awaambie alivyoelewa.

Kwa safari za nje fikeni masaa 3 kabla. Dawati la kuchekini mara nyingi hufungwa saa nzima kabla ndege haijaruka, kwa hiyo 00:40 maana yake saa 6 kasoro dakika 20 usiku hakuna tena wa kukupokea begi. Mama, kama tiketi ilinunuliwa na wakala wa ajira na aliwaambia kwa mdomo "tarehe 12 usiku", mna haki ya kumrudia awachangie hiyo gharama, hasa kama kuna ujumbe wake kwenye simu. Msiufute.

SWALI: Anti habari. Nafanya kazi Dodoma, familia iko Kimara. Kila wiki mbili natoka Dar Jumatatu asubuhi. Kwa ndege naambiwa saa 1 na dakika chache, kwa treni ya SGR masaa matatu na nusu mpaka manne. Wenzangu ofisini wanasema ndege haina maana tena. Ni kweli?

JIBU: Njema kaka. Sio kweli moja kwa moja, ila wanakaribia. Kwa hewa Dar Dodoma ni kilomita kama 390 na hata pangaboi inamaliza kwa lisaa limoja na dakika. Sasa usihesabu kutoka mlango wa ndege, hesabu kutoka mlango wa nyumba yako Kimara. Tuseme ndege ni saa 2 asubuhi. Unatoka nyumbani saa 11 na robo alfajiri, kwa sababu ukichelewa kidogo foleni ya Ubungo mpaka Tazara inakumaliza. Saa 12 uko eapoti, unachekini, unakaguliwa, unakaa. Saa 2 unaruka, saa 3 na dakika 10 umefika, na uzuri wa Dodoma uwanja uko mjini, begi na taksi, saa 4 kasorobo uko ofisini. Ni masaa manne na nusu kwa safari ya saa moja.

Treni, nyumbani mpaka stesheni pale katikati ya mji tuseme saa nzima, ufike mapema saa nzima nyingine, njiani masaa matatu na nusu, Dodoma stesheni mpaka ofisini nusu saa. Masaa sita. Ndege inakuokolea saa moja na nusu hivi, siku ambayo haijachelewa. Je saa moja na nusu inastahili tofauti ya nauli, hapo mfuko wako ndo unajua. Mimi kwa Dodoma napanda treni, toka abiria waanze kupanda mwaka 2024 sijarudi nyuma, unakaa, unafungua laptop, simu ina mtandao sehemu kubwa, na hizo saa tatu na nusu ni zako zote. Kwenye ndege yale masaa manne na nusu yamekatwakatwa vipande, foleni, kukaguliwa, kungoja, kushuka, hupati hata nusu saa ya kufanya kitu cha maana. Ila kama una kikao saa 4 kamili na huwezi kulala Dodoma Jumapili, panda ndege, na chukua ile ya kwanza kabisa ya asubuhi. Ndege ya kwanza haina mahali pa kurithi ucheleweshwaji, ya mchana inabeba dakika zote zilizopotea tangu alfajiri.

SWALI: Assalaam alaykum anti. Niko Ng'ambo, Unguja. Bibi yangu ana miaka 84, mdogo wake yuko Maskati na wanataka waonane kabla Mungu hajachukua amana yake. Tiketi tumeshaahidiwa na jamaa wa huko. Tatizo bibi hataki, anasema babu yake alikuwa baharia wa majahazi na Maskati ni mwezi mzima baharini, hataki kufia njiani. Tukimwambia ni masaa matano na nusu anasema tunamlaghai. Na anauliza sala atasalije. Tumweleze vipi?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Bibi msimwambie kuwa amekosea, maana hajakosea. Kutoka Unguja mpaka Maskati ni kilomita kama 3,900, kwa maili za baharini kama 2,100, na jahazi lilikuwa linategemea upepo tu. Liliteremka huku na kaskazi kuanzia Disemba, likangoja kwetu, likapandisha kwao kusi lilipoanza kuvuma Aprili na Mei, na njiani kuna kuingia Lamu, kuna kupumzika, wiki tatu nne zinapita. Aliyekosa upepo wake aliulalia msimu. Babu yake alikuwa anahesabu siku kwa upepo, wala hakuhesabu maili.

Sasa mwelezeni kwa lugha hiyo hiyo. Mwambieni njia ni ile ile ya babu, mnapanda na pwani, mnaacha Lamu na Mogadishu, mnashika kaskazini mashariki mpaka Maskati, ila chombo kinakwenda kilomita 800 na zaidi kwa saa badala ya kungoja tanga lijae. Na mwambieni nahodha wa juu naye bado anauliza upepo kabla hajang'oa nanga, kuna siku anafika dakika 20 kabla na kuna siku anachelewa dakika 20, na sababu ni upepo. Nimewahi kumweleza hivi mzee mmoja wa Malindi pale Unguja, alikuwa amekunja uso tangu aingie, nilipotaja kusi akauliza "kwa hiyo wanajua kusi huko juu?", akakunjua uso, akatoa pasipoti mfukoni mwa koti.

Maskati iko mbele yetu kwa saa moja tu, na wao hawasogezi saa mwaka mzima. Mkiondoka Unguja saa 8 mchana, masaa matano na nusu yanawafikisha saa 1 na nusu usiku kwa saa ya bibi, ukutani huko ni saa 2 na nusu. Kwa kuwa mnaelekea mashariki jua litawakimbia, magharibi itaingia mapema kuliko alivyozoea Ng'ambo, kwa hiyo asifuate saa ya mkononi, aangalie jua la dirishani. Mwombeeni kiti cha dirishani upande wa kushoto, ndo upande wa magharibi mkiwa mnapanda kaskazini, ataliona likizama mwenyewe. Adhuhuri na alasiri, kwa rukhsa ya msafiri, azisali kama shekhe wake wa mtaani atakavyomwelekeza, mkalisheni naye siku moja kabla ili asiwe na wasiwasi njiani.

Na ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, sio siku ya safari. Ni bure, anachukuliwa mlangoni Unguja na anapokelewa mlangoni Maskati, kule eapoti ni kubwa na kuna kutembea sana. Mpeni na kanga ya pili ya kujifunika, humo ndani kuna baridi.